Visima vya Shemeji Eseza

Habari hii hamtaiamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo, nimechafuka udongo mpaka ndani ya masikio, na bado kuna asubuhi naamka najiuliza kama kweli niliyaona. Lakini ukitaka kumwita Keefa mwongo, ngoja kwanza nimalize. Waliowahi kuniita mwongo kabla sijamaliza walirudi kuniomba radhi, na wengine walikuja na maziwa. Kiswahili changu pia msikicheke. Nilikiokota Karagwe nikichunga ng'ombe wa watu, na shuleni nilifika darasa la tano, tukaachana kwa amani, mimi na shule.

Ninayetaka kumsimulia anaitwa Eseza. Ni mjane wa kaka yangu Yoramu, kwa hiyo ni shemeji yangu, na huku kwetu Nyabushozi shemeji hutaniwa mpaka mmoja azikwe. Mimi namwita Askofu. Yeye ananiita Mdomo. Si mtu mkubwa. Hana cheo kanisani, hajawahi kusimama kwenye mimbari ila siku ile alipopanda kufuta vumbi. Ana nyumba ya bati, watoto walioolewa mbali, na ng'ombe wachache. Wangapi? Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kama maharage; wanaitwa majina. Kuna Gaaju, kuna Mayenje mwenye madoa, na kuna Bihogo, mwekundu wa kukolea, pembe zake zimepinda juu kama mikono ya mtu anayesifu. Bihogo ndiye Yoramu alimwachia akiwa ndama.

Sasa, watu wengi wa kwetu hulisikia Neno Jumapili, wakalifunga kwenye ncha ya kitambaa, wakalifungua Jumapili nyingine likiwa jipya kabisa, halijatumika. Eseza hana kitambaa cha namna hiyo. Yeye ni mlokole wa wale wa zamani. Kila Alhamisi wanakutana kwa mzee Zabuloni, kiongozi wao, wanasoma fungu moja, halafu kila mtu anasema fungu hilo limemkuta wapi. Si kuhubiri, la. Ni kusema. "Mimi limenikuta nimemfokea mke wangu." "Mimi limenikuta nimetia maji kwenye maziwa ya kuuza." Wanasema, wanalia, wanaimba, wanakumbatiana, wanaenda nyumbani wepesi kama wametapika. Mimi huwa nakaa karibu na mlango, kwa ajili ya hewa.

Eseza akishalipata fungu, analifanyisha kazi jioni ile ile. Wiki waliyosoma habari ya kutokalia kiti cha mbele karamuni, ilituangukia harusi ya ukoo. Mimi nilikuwa nimekalia kiti cha mbele tangu asubuhi, nimekipasha moto vizuri. Akaja akanishika mkono.

"Inuka, shemeji. Twende nyuma tungoje tuitwe."

"Askofu, fungu hilo ni lako. Mimi sikulisoma."

"Ulikuwa mlangoni. Ulilisikia."

Tukaenda kukaa na wapishi. Hakuna aliyetuita. Jua likasogea, hotuba zikaisha, bibi harusi akalia, bado hakuna aliyetuita. Lakini waliokaa na wapishi ndio nyama iliwafikia kwanza, tena ya ubavu. Eseza akanitazama, mdomo umejaa, akasema, "Unaona Bwana alivyo mwema?" Ndivyo alivyo. Ukimtia shimoni, atashukuru kwamba shimoni hakuna upepo.

Na shimo ndiyo habari yenyewe.

Bondeni chini ya boma la Eseza kuna kisima. Alikichimba yeye na Yoramu mwaka waliooana, nami nikasaidia. Niseme ukweli, nusu ya kisima kile ni jasho langu. Kando yake wakafinyanga hori la udongo, lile ambalo kila alfajiri lazima lipakwe upya kwa viganja ili lisivuje. Wa kwetu mnajua: mmoja yuko chini anachota, wa juu anadaka ndoo, anamimina horini, na ng'ombe wanaitwa kwa nyimbo, kundi kwa kundi. Mwenye kisima hunywesha wa kwanza. Wengine huomba zamu, na hupewa, maana maji ya kumnyima ng'ombe wa jirani ni laana.

Yoramu alipofariki, akahamia kilima cha pili mtu mmoja anaitwa Rwakibira, mwenye kundi ambalo likishuka bondeni unadhani msitu umeota miguu. Mwaka wa kwanza aliomba zamu kwa adabu. Mwaka wa pili, kiangazi kilipokaza, mchungaji wake mkuu, Kabandize, mtu wa fimbo ndefu na maneno mafupi, akaanza kuteremsha ng'ombe kabla hakujapambazuka. Eseza akifika na wake, anakuta hori limekanyagwa na kisima kimebaki tope. Anangoja mpaka adhuhuri maji yachujike. Leo hivyo, kesho hivyo. Hakusema kitu. Lakini nilimwona anavyolipaka lile hori asubuhi. Alikuwa analipiga makofi.

Alhamisi moja wakasoma lile neno la mtu anayepeleka sadaka madhabahuni, akakumbuka kuna jambo kati yake na ndugu yake, akaambiwa aiache sadaka pale pale akapatane kwanza. Eseza akasimama.

"Ndugu zangu, mimi nina chuki. Namchukia Rwakibira. Jana nilimwona anajikwaa njiani, nikafurahi mpaka nikaimba."

Wakamwombea. Asubuhi akavaa kitenge chake kizuri, akashika njia ya kilima cha pili. Mimi nikamsindikiza. Nilijua anakwenda kumwambia yule mzee maneno ambayo si ya kukosa.

Tukamkuta Rwakibira amekaa kwenye kigoda uani, na wageni, na wachungaji wake wamesimama na fimbo. Eseza akapiga magoti kama mwanamke wa kwetu anavyosalimia, akasema kwa sauti, mbele ya wote:

"Mzee, nimekuja kuomba msamaha. Ni kwa ajili ya kile kisima. Nimekosa mbele za Mungu na mbele yako. Nisamehe."

Rwakibira akamtazama Kabandize, Kabandize akamtazama Rwakibira.

"Basi, mama," akasema polepole, "nimekusamehe."

Eseza akaruka! Akamshika mikono yote miwili, akaimba pambio zima peke yake, akaondoka anatabasamu. Tulipofika bondeni nikamsimamisha.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimetua mzigo."

"Umetua mzigo na kisima humo humo."

Hakunielewa. Mnaona, kwa walokole, mtu akija kukuomba msamaha, unajua anatoa uchafu wa moyoni mwake. Haijalishi nani alianza. Lakini Rwakibira hakuwa mlokole, wala wachungaji wake. Kwa watu wengine wote wa Nyabushozi, anayepiga magoti ndiye mwenye kosa. Jioni ile habari ilikuwa imezunguka vilima vyote: Eseza amekwenda mwenyewe, bila kuitwa, akakiri mbele ya mashahidi kwamba kisima ni cha Rwakibira.

Asubuhi tukakuta boma la miiba limezunguka kisima, na Kabandize amesimama langoni.

"Mwenyewe amekiri," akasema.

"Amekiri nini, we fimbo?" nikamwuliza.

"Watu walisikia. Hata wewe ulikuwepo, Keefa."

Na kweli nilikuwepo! Shahidi wao mkubwa ni mimi. Nilitamani mdomo wangu uwe umebaki nyumbani siku ile, na mimi nimebaki nao.

Nikamwambia Eseza twende kwa mwenyekiti wa kijiji, tena nitazungumza mimi. Mzee Zabuloni naye, na upole wake wote, akasema kwamba haki ni haki na si dhambi kuitafuta. Eseza akatikisa kichwa.

"Nikienda sasa, nitakwenda na hasira. Ile niliyoitoa juzi itarudi na ndugu zake. Ngojeni kwanza nisome."

"Soma haraka," nikasema. "Ng'ombe hawanywi karatasi."

Akasoma habari za Isaka. Kama umeisahau, nitakukumbusha kwa ufupi: Isaka alichimba kisima, wachungaji wa nchi ile wakaja wakasema maji ni yetu. Akawaachia. Akachimba cha pili, wakakigombania pia. Akawaachia. Akachimba cha tatu mahali pengine, hawakukigombania, akapaita Rehoboti, akamshukuru Mungu kwa kumpa nafasi. Eseza akafunga Biblia, akachukua jembe.

"Isaka alikuwa na watumishi," nikamwambia.

"Mimi nina wewe."

"Ndiyo maana umepungua."

"Ndiyo maana nasali sana."

Tukachimba cha pili, chini zaidi bondeni, na walokole wenzake wakaja kusaidia. Maji yakatoka, machafu lakini maji. Hata hori halijakauka, Kabandize huyo, na wenzake.

"Huu ni mshipa ule ule wa maji ya mzee," akasema. "Mnamnyonya kwa chini."

Nilishika fimbo, nawaambia kweli, na wao walikuwa wengi, na mmoja wao alishaanza kurudi nyuma kwa kuniogopa. Eseza akanipokonya. Akaokota ndoo yake, akaifuta tope, akasema, "Asante Bwana, mikono ya kuchimbia bado ipo."

Njia nzima nilimsema. Nikamwambia huyo Isaka wake alikuwa mwoga, na kama si jina la baba yake hakuna ambaye angemkumbuka. Tulipofika juu akasema, "Mwoga hachimbi mara tatu, shemeji. Mwoga anachimba mara moja, halafu anakaa kulinda. Nikigombana nao nitapata kisima na maadui. Mimi nataka maji ya kunywa nikiwa nimetulia."

Nikampokea ile ndoo, nikaibeba mwenyewe. Ilikuwa siku mbaya kwangu.

Cha tatu akakichagulia mahali ambapo hakuna mtu angepataka: kwenye mteremko, kando ya kichuguu. Wapita njia walicheka mpaka wakakaa chini. Tukachimba udongo mwekundu, tukafika mweupe, tukafika jiwe. Kavu. Mavumbi tu, kama ghala la unga. Na yeye alikuwa ameshalipatia shimo jina! Siku ya kwanza kabisa alisimama ukingoni akasema, "Hapa ni Rehoboti." Kijiji kizima kikajua kwamba Eseza amebatiza shimo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya kweli. Jua lilikuwa limekaa juu yetu kama mgeni asiyeaga. Maji yaliyobaki ya kunyweshea yalikuwa mtoni, mbali, unaondoka alfajiri na kurudi magharibi, na walichokunywa ng'ombe huko walikitoa kwa jasho njiani. Mayenje akakatika maziwa. Bihogo, ambaye alikuwa na mimba, akaanza kupiga magoti njiani. Unamwinua kwa mkia na kwa kumbembeleza, anakwenda hatua, anapiga magoti tena. Ng'ombe wa kwetu akilala njiani wakati wa kiangazi haamki. Na Eseza bila Bihogo, sijui. Nyumba isiyo na maziwa, kwetu, hata mgeni anapita kando.

Jioni moja nikamkuta amekaa barazani, macho yamevimba kwa vumbi la njiani, Biblia magotini.

"Shemeji, nisomee," akasema. "Macho yamekataa."

Kusoma ni kipaji changu. Mwalimu wangu wa darasa la tano alisema hajawahi kusikia mtoto anasoma kwa sauti kubwa namna ile. Nikaanza: kisima cha kwanza, cha pili, cha tatu, Rehoboti. Hapo ndipo walokole huwa wanakomea. Hapo mzee Zabuloni hufunga kitabu, wakaimba. Lakini mimi nikishaanza sisimami, mjue hivyo, hata nikila. Nikaendelea. Nikasoma jinsi mfalme wa nchi ile, aliyemfukuza Isaka, alivyokuja kwake na wakubwa wake. Isaka akawauliza, mbona mmekuja kwangu nanyi mlinichukia, mkanifukuza? Wakasema tupatane. Isaka akawafanyia karamu, wakala, wakanywa, asubuhi wakaapiana. Na siku ile ile watumishi wa Isaka wakaja wakamwambia, tumepata maji.

"Simama," akasema Eseza. "Rudia."

Nikarudia, kwa sauti zaidi.

"Karamu ilikuwa kabla ya maji?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Mimi nasoma tu."

Zizini Bihogo alikuwa anakoroma kwa kiu. Halafu Eseza akaanza kucheka kidogo kidogo.

"Miaka yote hii nasoma nusu, shemeji. Nilimwachia Rwakibira kisima nikajiona Isaka kamili. Kumbe kumwachia mtu si kumpenda. Nilimwachia ili nisimwone! Mtu niliyemsamehe hajawahi hata kunywa maziwa nyumbani kwangu."

"Hayo maziwa yako wapi?"

"Gaaju bado anatoa kikombe."

"Shemeji, kikombe hicho ndicho unachokunywa wewe."

"Basi nitafunga na kuomba," akasema. "Mambo mawili kwa kikombe kimoja."

Nilimwambia ni wazimu. Nilimwambia Isaka alikuwa tajiri, ana kondoo, ana watumishi, ana mke mzuri. Hakunisikiliza. Akakusanya kikombe kwa kikombe, akasukasuka kibuyu akapata siagi kidogo, na samli ya zamani iliyokuwa imebaki chunguni akaitengenezea eshabwe, ule mchuzi mweupe ambao wanawake wetu husema hautaki mkono wenye hasira, unakatika. Nilikaa pale namwangalia mkono. Mchuzi haukukatika. Ulikuwa mweupe, laini kama wingu. Akafukiza vibuyu kwa majani, ugali wa ulezi akausonga, na akaenda mwenyewe kumwalika Rwakibira na wachungaji wake.

Wakaja. Nadhani walikuja kwa mshangao tu. Rwakibira akakaa, akakitazama chungu, akamtazama Eseza.

"Mama, kuna nini humu?"

Eseza akachovya tonge, akala wa kwanza, kama desturi. "Kuna samli. Kuleni, mzee."

Kabandize akaninong'oneza, "Keefa, na wewe kula."

"Mimi nimefunga," nikasema, nimpime tu. Uso wake ukawa kijivu. Kisha nikachukua tonge kubwa, akashusha pumzi.

Wakala. Eshabwe ya Eseza, ndugu zangu, mtu hawezi kuila na kununa kwa wakati mmoja. Kabandize alikuwa analamba vidole mpaka kwenye kifundo. Rwakibira alipomaliza akapokea kibuyu cha maziwa, akanywa kidogo, akakishika. Alikuwa amewaona ng'ombe kule zizini. Mfugaji haoni ng'ombe aliyekonda akanyamaza.

"Yule mwekundu ana mimba," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Anapiga magoti."

"Ndiyo, mzee."

"Na haya ni maziwa ya nani?"

"Ya Gaaju. Ni yote aliyotoa. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yake."

Rwakibira akakiweka kibuyu magotini. "Mama, sikuelewi. Kisima ulikuwa umeniibia, ukaja ukakiri, nikakusamehe, yakaisha. Sasa unanilisha kwa nini?"

"Kukuibia?" akasema Eseza.

"Si ulikuja ukapiga magoti? Ukasema ni kwa ajili ya kisima. Mimi nilikuwa nasikia kwamba alikichimba marehemu mume wako. Ulipokuja kukiri nikasema, kumbe! Labda walikikuta cha wazee wangu waliochunga hapa zamani. Mtu hawezi kujipigia magoti bure."

Eseza akamsogelea. "Mzee, mimi niliomba msamaha kwa sababu nilikuchukia."

"Ulinichukia?"

"Sana."

"Mbona sikujua?"

"Ndiyo maana nilikuja kukwambia!"

"Sasa kama sikujua, si ungeacha tu?"

"Ningeachaje, nami ndiye nilikuwa nayo?"

Rwakibira akamgeukia mzee Zabuloni, aliyekuwa amekaa pembeni. "Ninyi walokole, huwa mnafanya hivi? Mtu hana habari, mnakwenda kumwambia mlikuwa mnamchukia?"

"Kila Alhamisi," akasema Zabuloni.

Mzee yule alicheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka, Eseza naye akacheka mpaka machozi yakachora njia kwenye vumbi la uso wake, na wachungaji wakacheka kwa sababu bosi anacheka. Kabandize peke yake alikuwa anatazama chini. Akasema polepole, "Mimi nilijua kisima ni cha mama. Nilikuwa nawahi kwa sababu ng'ombe wetu ni wengi. Alipokiri nikafurahi, nikasema sasa si kosa langu tena." Halafu akaongeza, "Mama, hata mimi nisamehe," akatazama huku na huku kama mtu aliyekanyaga kitu asichokijua. Zabuloni akaanzisha pambio hapo hapo. Hao walokole hawakosi nafasi.

Rwakibira hakuimba. Lakini alisimama, akamaliza maziwa yote, maana kumbakizia mtu maziwa aliyokupa kwa shida ni kumtukana, akasema mbele ya wote: "Kesho ile miiba itaondolewa. Ng'ombe wa mama watakunywa wa kwanza. Wangu watangoja zamu, na zamu wataiomba."

Kesho yake nilikuwa pale bondeni. Eseza alilipaka hori kwa viganja, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Bihogo akaletwa, tukimshikilia mimi huku na Kabandize huku. Alipoinamisha kichwa, alikunywa bila kuvuta pumzi, ukisikia maji yanavyoshuka kooni, gu, gu, gu, na Eseza amesimama mbele yake, midomo inatikisika. Hakuwa anaomba kitu. Nilimsogelea nikasikia. Alikuwa anashukuru tu: kwa maji, kwa Yoramu aliyechimba, kwa Rwakibira, kwa Kabandize, kwa ile chuki yake yenyewe ambayo bila hiyo asingekwenda kule kilimani, na mwishoni nikasikia, "na kwa Mdomo, asiyejua kusimama."

Nilikwenda nyuma ya kichaka kidogo. Vumbi lilikuwa limeniingia machoni.

Tangu hapo mimi Alhamisi nakaa ndani, sikai tena mlangoni. Sijasema kwamba nimekuwa mtakatifu. Mke wangu atayasoma haya, naye ananijua. Nasema tu kwamba zamani niliyaona Maandiko kama picha ya babu ukutani, unaisalimia ukiingia, basi. Sasa nikisoma fungu nasoma mpaka mwisho wake, maana huwezi kujua jambo lako limekaa mstari gani. Na nikiwa nimemwachia mtu kitu, najiuliza kama nimemwachia au nimemkimbia. Swali hilo si langu, ni la Eseza, lakini nalitumia kama langu. Kwa hilo nami namshukuru Mungu, kwamba alinipa shemeji ambaye analitenda Neno mbele ya macho yangu, mtu mvivu kama mimi nikapata kulisoma kwake.

Bihogo alizaa, mwekundu mtupu kama mama yake. Na Rwakibira siku hizi akipita haachi kuingia kuuliza kama eshabwe ipo.

Imebaki habari ya Rehoboti, na ndiyo niliyosema hamtaiamini. Naiandikia hapa hapa barazani kwa Eseza, kwa sababu nyumbani kwangu kuna kelele, naye ameniwekea sharti kwamba nimsomee kila ninachoandika. Anafukiza vibuyu vyake, sikio liko huku. Basi, siku ile ile Bihogo alipokunywa, kama ilivyoandikwa, wachungaji wa Rwakibira wakaja na nondo zao, wakateremka kwenye lile shimo kavu kando ya kichuguu. Kabandize akainua nondo, akapiga jiwe pigo moja. Jiwe likapasuka kwa ngurumo, na maji yakaruka juu, ndugu zangu, yakampita Kabandize kichwani, yakafika kwenye matawi ya mgunga, ndege wakaruka, ng'ombe wakakimbia wakidhani mvua imeanza kunyesha kutoka chini, na mimi nikabebwa na mkondo mpaka—

"Shemeji."

"Naam, Askofu."

"Maji yalifika wapi?"

"Kwenye matawi. Ya chini."

"Yalifika kwenye vifundo vya miguu. Tena si siku ile, ilikuwa wiki iliyofuata, na walipiga hilo jiwe mpaka nondo ikapinda."

"Lakini si yaliruka kidogo?"

"Yalichuruzika. Ndiyo hayo tunayokunywa mpaka leo. Hayakutoshi kumshukuru Mungu mpaka uyarushe?"

"Haya, nafuta. Yalichuruzika. Lakini hata wewe shahidi, Kabandize alipoyaona alipiga yowe lililosikika mpaka Mbarara, watu wa sokoni wakaacha kuuza, na askari wakatoka na—"

"Shemeji!"